V8 ya Tata Bipu

Tangu juma lililopita Yassini amesimama kwenye geti la Moussa, mkono mmoja juu ya chuma, mdomo wazi. Bado yupo pale. Mbele yake kuna hema la kukodi, viti vya plastiki na spika zinazotikisa mabati ya majirani. Katikati ya ua, likiwa na utepe mwekundu kwenye vioo na limepanguswa mpaka linaumiza macho, kuna gari jeupe. V8. Gari lake.

Ni lake kwa pesa. Kwa karatasi ni la Moussa, shoferi wake. Na kwenye kitambaa kilichotundikwa juu ya hema wameandika kwa rangi ya bluu: HONGERA MOUSSA JUU YA MOTOKARI MUPYA.

Kwa nyinyi mliofungia samaki gazeti la juma lililopita, nitasema upesi, maana hasira imenishika hata mimi. Yassini ni mchukuzi. Wazee wake walitoka Kasongo, na tangu ujana wake anapakia mahindi na unga Lubudi, anashusha hapa Kolwezi. Ni bahili wa kutisha. Mlango wa lori lake unafungwa kwa waya. Sukari nyumbani kwake huonekana Ijumaa. Akikupigia, simu ikilia mara moja hukata, na ukitaka kujua alichotaka, umpigie wewe kwa pesa zako. Huko ndiko kubipu, na mtaa mzima unamwita Tata Bipu, yaani Baba Bipu, naye huitika bila aibu.

Mtu huyohuyo ndiye aliyenunua V8.

Kilichomponza ni mvua. Alipeleka unga kwa Philippe, muuza magari kwenye njia ya Kingamyambo, mvua ikaanza kumwagika, Philippe akamwambia aingie akae ndani ya lile jeupe hadi ikatike. Yassini akaingia, akavuta mlango. Ukafunga wenyewe, pup, bila waya wala teke, na kelele yote ya mvua ikabaki nje. Kiti kikamshika mgongo. Mtu aliyezeeka akiwa amekalia chuma na gunia alikaa mle mpaka mvua ikaisha, kisha akaendelea kukaa. Kesho yake alirudi, na siku hiyo jua lilikuwa linawaka.

Pesa alizolipa zilikuwa za injini mpya ya lori, maana ya zamani imekufa. Alizichanga pamoja na mkewe Rahima: yeye kwa safari zake, Rahima kwa kupimia watu unga sokoni, kopo kwa kopo. Rahima hakuulizwa.

Halafu kuna jambo la arrosage. Mnajua nyote, hapa kwetu kitu kipya hakikai kikavu. Ukinunua hata baiskeli, majirani watakuja uimwagie, yaani wale, wanywe, wakupongeze mpaka uishiwe. Gari kama lile lingeleta mtaa, msikiti na ukoo mzima kutoka Kasongo. Basi Yassini akafanya ujanja. Akaliandikisha kwa jina la Moussa, akamwambia alifiche nyuma ya nyumba yake hadi watu wazoee. Alikuwa anakwepa mbuzi mmoja na kreti chache za Fanta. Sasa mtazameni.

"Tata Yassini, karibu," Moussa alisema, akija mbio. Alikuwa amevaa suti.

"Kuya hapa." Yassini alimvuta hadi nyuma ya pipa la maji. "Nilikubipu asubui yote."

"Niliona, tata. Nilizani ni bipu tu."

"Nilikuambia nini? Nilikuambia uifiche."

"Niliificha. Nilifunika na bashi, ile turubai ya kamyo. Upepo ilifunula, batu bakaona. Bakasema, Moussa, ulipata motokari, unatunyima hata Fanta? Sasa ningejibu nini? Ningesema ni ya Tata Yassini?"

"Hapana."

"Njo vile. Nikanyamaza. Bo bakatengeneza feti."

Upepo ulileta harufu ya nyama. Yassini alinusa, na moyo wake ukaanza kumwambia jambo.

"Ile nyama ni ya nini?"

"Mbuzi."

"Mbuzi ulitoa wapi?"

Moussa alitazama viatu vyake. "Ile yenye ulifunga ku depo, tata."

Mbuzi wa Idi. Yassini alimlea kwa pumba alizofagia mwenyewe chini ya magunia. Alimkamata Moussa kwenye kola ya suti, akamsukuma mpaka pipa likamwaga maji. Kijana huyu alifika kwake akiwa yatima, yeye akamfundisha usukani, akamlisha.

"Nitakutosha roho," alisema polepole. "Leo hii."

"Tata Aicha, mutoto wa batu unamukamata shingo juu ya nini?"

Alikuwa Rahima, anayemwita mumewe kwa jina la binti yao. Alisimama na mwiko mkubwa mkononi, kitenge kimefungwa kiunoni, uso umejaa jasho la moshi. Mke wake alikuwa anapika pilau kwenye sherehe ya gari lake.

"Nilikuwa namupongeza," Yassini alisema, akaachia kola.

"Basi mupongeze na mukono wazi. Ao inakuuma juu alipata kitu?" Akageuka ili wanawake wenzake kwenye sufuria wasikie vizuri. "Muone, bamama. Moussa anabeba magunia ya batu, leo eko na V8. Na mwenye magunia, bibi yake anarudi ku soko na mguu, ungo mu kichwa. Kila mutu na roho yake."

Wanawake walicheka. Mmoja wao, Mama Micheline, alicheka hadi akashika nguzo ya hema.

Yassini ilimfika kwenye ncha ya ulimi: ni yangu, mjinga wewe, ni yangu. Lakini akisema hivyo, Rahima atauliza kwa pesa gani, kisha atakwenda kufungua sanduku la akiba yao chini ya kitanda. Na akinyamaza, mtaa wote utakuwa shahidi kwamba gari ni la Moussa. Jina kwenye karatasi na mashahidi wengi hivi, nani atamwamini kesho? Mke au gari. Alikwenda kukaa, na kokote alikogeuza kichwa lile jeupe lilikuwa linamwangalia.

Alikaa vibaya. Kiti kilichobaki wazi kilikuwa karibu na mama mkwe wake, Kambo Mwanvua, yaani Bibi Mwanvua, aliyelazwa kwenye godoro kivulini na mito imemwegemeza pande zote.

Hapa lazima niwaambie juu ya huyu mama, na nitasema bila kuzungukazunguka. Msimu wa mvua uliopita aliugua kule kwake Lubudi. Yassini alikuwa na lori, akakubali kumleta hospitali Kolwezi. Ila viti vya mbele alikuwa ameviuza kwa abiria wawili. Mama mkwe wake, mgonjwa, akapandishwa juu ya magunia, akafunikwa nailoni. Mvua ikampiga njia nzima, na kwenye shimo moja akaanguka kati ya magunia, nyonga ikavunjika. Tangu siku hiyo hatembei, na amebaki hapa Kolwezi kwa binti yake. Abiria wawili walishuka wakavu, wakasema asante. Ningekuwa pale ningewashusha kwa kola, na dereva wao ningemwambia maneno ambayo mhariri hayachapi.

Rahima hakuwahi kulitaja jambo hilo. Yassini alidhani limekwisha.

"Mwana wangu," Kambo Mwanvua alimwambia, "motokari ya Moussa iko muzuri."

"Ndiyo, mama."

"Mungu amuongezee."

"Amina," Yassini alisema.

Muziki ukakatika. Ulikuwa unatoka kwenye simu ya Moussa, iliyounganishwa kwa waya na spika na kuwekwa juu ya kreti. Tata Ntambwe, jirani mwenye sauti kuliko maikrofoni yenyewe, alikuwa ameichukua maikrofoni.

"Batata na bamama, tumefika pa fasi yenyewe. Tunaenda kumwangia motokari. Na mutu wa kwanza ni ule mwenye alimukomalisha Moussa. Tata Bipu, simama."

Walimpigia makofi. Yassini alisimama kwa sababu walimsimamisha. Wakamtia chupa ya Fanta iliyofunguliwa mkono mmoja, maikrofoni mkono wa pili, wakamsukuma hadi mbele ya boneti.

"Sema maneno mbili, kisha umwange," Ntambwe alisema.

"Moussa ni kijana muzuri," Yassini alisema. Spika zikarudisha sauti yake kama ya mtu anayesongwa. "Na motokari... motokari nayo ni muzuri."

"Mwanga sasa."

Yassini alitazama chupa. Fanta nzima, ya machungwa, imejaa sukari, kwenye rangi nyeupe, chini ya jua hili. Itakauka, itashika vumbi, itakula rangi. Aliinama, akadondosha tone moja chini, kando ya gurudumu.

"Eh, Tata Bipu," Ntambwe alisema kwenye maikrofoni, "hata Fanta unaibipu?"

Ua ulipasuka kwa kicheko. Watu waliinama, walipigana mabega. Ntambwe akamnyang'anya chupa, akaziba mdomo kwa kidole gumba, akaitikisa, akaiachilia. Mkondo wa rangi ya machungwa ukapiga kioo, ukatambaa kwenye boneti, ukateleza hadi kwenye taa. Wengine wakaja na chupa zao. Mama Micheline akamwaga yake juu ya paa, akipiga vigelegele. Ntambwe, furaha imempanda, akagonga boneti kwa kitako cha chupa.

Tok.

Kishimo kidogo kikabaki pale, mduara mdogo ndani ya weupe. Yassini alikiona kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Acha," alisema. Kisha akapaza sauti, na maikrofoni bado ilikuwa mkononi mwake. "Acha, shenzi we. Usiguse motokari yangu."

Hata wale waliokuwa wanatafuna waliacha.

"Yako?" Ntambwe alisema.

"Yangu. Mi njo nililipa. Moussa eko jina tu. Muko munacheka nani? Hii ni motokari yangu, na mbuzi yenye munakula ni yangu, na ule kijana suti yake alivaa na mushahara yangu. Mutoke wote. Mutoke."

Ilimtoka yote kwa mpigo, na kwa muda mfupi alijisikia mwepesi. Halafu akasikia mwiko ukiwekwa juu ya sufuria.

"Rudilia," Rahima alisema.

Alikuja mbele ya gari, watu wakampisha. Hakuonekana kushangaa, na hilo ndilo lililomwogopesha Yassini.

"Mama Aicha, sikia kwanza. Nitakufasiria ku nyumba."

"Utanifasiria nini? Ni motokari yako, ulilipa na franga ya moteri. Najua. Moussa alikuya kuniambia ile siku ulimutia jina. Alilia mbele yangu kama mutoto. Akasema, mama, tata ananifanya mwizi wa kitu yako."

Yassini alimgeukia Moussa. Moussa alikuwa anatazama upande wa geti.

"Upepo haikufunula bashi," Rahima aliendelea. "Ni mi. Batu bote hapa ni mi niliita. Mbuzi ni mi nilisema bachinje. Kile kitambaa ni mi niliandika na mukono yangu."

Kwenye nyuso za wageni Yassini alisoma kwamba wengi walijua, na Ntambwe, shenzi yule, alikuwa wa kwanza kujua.

"Juu ya nini ulinifanya vile?" aliuliza. "Mbele ya batu?"

"Nilijiambia, Tata Aicha atafika. Ataona bibi yake mu moshi, anapikia motokari yenye alimuibia. Itamuuma. Atanivuta pembeni, atasema, Rahima, nilikosa. Wallahi ningekusamehe. Tangu asubui nakungojea. Kila wakati ulipita karibu na sufuria, nilikuwa nasema, sasa atasema."

"Si nimesema."

"Ulisema juu ya rangi." Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Mi nilikutukana, ulinyamaza. Mama yangu eko analala pale, ulikaa naye, ulinyamaza. Fanta inaanguka ku boneti, njo unapata kinywa."

Yassini alishikwa na hasira. "Ni franga yangu na yenyewe," alisema. "Nilijinyima kila kitu maisha yangu yote. Kiatu sikununua, nyama sikununua. Mi si mutu? Siwezi kukaa fasi nzuri hata siku moja?"

Nitakuwa mkweli kwenu: hapo aliongea kitu. Kuna watu mle hemani walioitikia kwa kichwa, maana nani katika mji huu hajawahi kusimama kwenye vumbi la V8 ya mtu na kuitamani?

"Fasi nzuri," Rahima alisema taratibu. "Ile siku mama yangu alitafuta fasi nzuri, ulisema nini?"

Yassini alishusha maikrofoni.

"Uwaambie. Uko na mikro mu mukono."

"Rahima."

"Ulisema, viti ya mbele imeuzwa. Njo neno uliniambia. Nilikuwa nimekamata mukono yake, mvua inanyesha, nikakuomba, nikapiga magoti mu matope. Ukasema, viti imeuzwa. Sasa leo kiti iko." Akageuka. "Moussa. Lete kifunguo. Bamama, munisaidie."

Wanawake wanne walimnyanyua Kambo Mwanvua pamoja na mito yake. Walimpitisha mbele ya Yassini, wakamweka kwenye kiti cha mbele, wakamfunga mkanda. Bibi alipapasa ngozi ya kiti kwa vidole vyake vikavu. Akapapasa tena.

"Rahima," aliuliza, "kiti hii abiria analipaka ngapi?"

"Hailipwe, mama."

"Tata Yassini hatakasirika?"

Hakuna aliyecheka. Rahima alimfungia mlango. Pup. Yassini aliusikia kutoka nje kwa mara ya kwanza, na haukuwa mtamu kama ule wa siku ya mvua.

"Moussa, ukiwasha ile motokari, kazi imekwisha," alisema.

"Kazi gani, tata? Kamyo yako haina moteri." Moussa aliingia nyuma ya usukani.

"Naenda ku polisi. Wote, naenda kuwafungisha wote."

"Utabaambia nini?" Ntambwe aliuliza. "Karatasi ni ya Moussa. Motokari ya Moussa iliendeshwa na Moussa?"

Hapo kicheko kilirudi. V8 likatoka getini likipiga honi, utepe ukipepea, Fanta ikidondoka kwenye bampa. Rahima alikuwa kiti cha nyuma. Hakugeuza shingo. Watoto walilifuata mpaka kona, kisha muziki ukawashwa tena, maana wali ulikuwa tayari na hakuna aliyekusudia kuuacha.

Yassini alikaa kwenye kiti cha plastiki, peke yake. Alijua desturi: gari jipya huzungushwa mtaani, honi zikilia, kisha hurudi. Waache wazunguke. Wakirudi atanyang'anya funguo. Atamfukuza Moussa. Rahima atamrudisha kwao na ungo wake, akapimie unga ukoo wake. Mama mkwe atampeleka, atampeleka... Hapo alikosa mahali pa kumpeleka, akaanza upya kwa Moussa. Alipanga hotuba nzima. Ilikuwa hotuba nzuri, na alipofika mwisho wake honi zilikuwa zimenyamaza zamani.

Binti yake Aicha alimletea sahani ya pilau, nyama juu.

"Tata, kula. Itapoa."

"Nitakula bakirudi."

"Habarudi leo. Mama alisema tusibangojee." Aicha hakumtazama. "Banamurudisha kambo ku Lubudi. Mama alisema alikuya juu ya magunia, atarudi mu kiti."

"Lubudi?"

"Ndiyo."

"Na ile motokari?"

"Sasa baende na nini, tata?"

Sahani ilimtoka mkononi. Wali ulimwagika kwenye vumbi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Yassini hakuinama kuokota.

Ndugu zangu, hiki ndicho ambacho hamkujua, wala Rahima, wala Moussa. Philippe alipouza gari alisema ukweli wote: bomba la mpira linalopeleka mafuta ya freni kwenye gurudumu la mbele lilikuwa limepasuka, linavuja. Jipya lilipaswa kuagizwa Lubumbashi. Usiondoke mjini nalo kabla ya kubadilisha, alisema. Yassini aliuliza bei, akacheka kwa dharau, akamwambia kwamba yeye alianza kufunga freni kabla Philippe hajaota meno.

Alilipa pesa za injini kwa ajili ya kiti na mlango. Bomba la mpira likamshinda bei.

Alikwenda asubuhi moja Moussa akiwa sokoni, akalala chini ya V8, akalikunja lile bomba na kulifunga kwa waya. Waya uleule wa mlango wa lori. Mjini, kwenye njia tambarare, utashika. Gari lenyewe si lilikuwa la kufichwa? Hakumwambia mtu, kwa sababu angeulizwa kwa nini hanunui jipya.

Lakini njia ya Lubudi si tambarare. Anaijua kama anavyojua jina lake. Kabla ya daraja la mto kuna mteremko mrefu, na chini ya mteremko malori ya shaba hupanga mstari kungoja zamu ya kuvuka. Pale mtu hukanyaga freni kwa nguvu, tena na tena.

Alitoa simu. Akampigia Moussa.

Muziki ukakatika hemani. Halafu mlio wa simu ukalia kwenye spika zote, kwa sauti ya kuamsha mtaa. Simu ya Moussa ilikuwa bado juu ya kreti, na waya wake.

"Tata Bipu anatubipu," mtu alipiga kelele, na wote waliokuwa wanakula walishangilia.

Alikata. Akampigia Rahima, huku anatembea kuelekea geti, kisha anakimbia. Simu ililia. Ililia hadi mwisho, ikakatika.

"Aicha, piga na yako. Piga mama yako."

"Yangu haina unité hata moja ya kupiga, tata. Nilikuomba asubui, ukasema ningoje mwezi inakuya."

"Juu ya nini hashike?"

Aicha alimtazama kana kwamba ameuliza jua linatoka upande gani. "Ile simu ni ya kwako. Nani anashikaka simu yako? Mama anangojaka ikatike, akiwa na makuta anakupigia."

Ndiyo hivyo. Tangu walipooana alimzoesha hivyo. Hata siku Rahima alipojifungua Aicha, Yassini alimbipu tu.

Alipiga tena akiwa barabarani, kiatu kimoja kimebaki getini. Ikalia hadi mwisho. Akapiga tena, anahema, pikipiki zinampigia honi, vumbi linamjaa kooni. Rahima, shika. Shika, mama, leo ni simu ya kweli. Ikalia, ikalia.

Ikashikwa.

"Yassini." Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwita kwa jina tupu. "Leo unapiga kweli? Unataka nini, turudi tuipanguse?"

"Rahima, sikia..."

"Hapana, sikia we. Leo njo utanisikia. Mama analala. Unajua? Analala mu kiti, tangu tumetoka hajalia nyonga hata mara moja. Hii njo ulikuwa unatunyima..."

"Freni, Rahima. Muambie Moussa asimame. Muambie sasa hivi..."

"Unasema nini? Upepo iko mingi. Tuko tunashuka ku daraja."

Nyuma ya sauti yake, Yassini aliisikia sauti ya Moussa. Haikuwa na utani wala hasira. Ilikuwa sauti ambayo alimfundisha mwenyewe kutumia njiani, ya chini, ya mtu asiyetaka kutisha abiria.

"Mama Aicha. Mumushike kambo nguvu."

Simu ikakatika.

Yassini alibonyeza tena, kidole kinateleza kwa jasho. Mwanamke wa kurekodiwa, mwenye sauti laini, akamwambia kwa Kifaransa kwamba unité zake hazitoshi kupiga simu hii. Zilikuwa ni za kubipu tu.